Juhudi na Neema katika Bakti: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili kwa Msomaji wa Kinyamaseke

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoeleza uhusiano wa juhudi ya mja na neema ya Mungu katika bakti, yaani njia ya mapenzi na unyenyekevu kwa Mungu katika dini ya Kihindu. Dai linalopingwa ni lile lisemalo kwamba Uhindu ni dini ya matendo isiyojua neema. Makala yanapitia mjadala wa kusini mwa India kuhusu mtoto wa nyani na mtoto wa paka, kisha mikondo miwili ya Kigujarati iliyofika Afrika Mashariki, na mwisho yanapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kubeba mafundisho hayo. Inadaiwa kwamba kosa la tafsiri halitokani na uhaba wa msamiati. Linatokana na kuchagua maneno ya mimbari na kuyaacha maneno ambayo wasemaji wenyewe huyatumia wanapozungumza juu ya riziki, dawa na tawakali.

Maneno muhimu: bakti, neema, juhudi, sababu, tawakali, istilahi

1.0 Utangulizi

Kinyamaseke ni kituo cha biashara katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye njia ya kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi ni Lhukonzo. Kiswahili ni lugha ya soko, ya madereva, na ya majirani wanaovuka kutoka Kasindi upande wa Kongo. Katika Kiswahili hicho yamo maneno mengi yaliyotufikia kupitia lugha za Bara Hindi: chapati, bajia, achari, laki, hundi, bima, gari. Orodha hiyo ikichunguzwa, inaonyesha jambo moja waziwazi. Maneno hayo yalitoka dukani, jikoni na barabarani. Ni vigumu kutaja hata moja lililotoka mahali pa sala.

Upungufu huo una historia. Kiswahili kilikutana na Mhindu kwenye kaunta. Methali inayomtaja kwa jina lake la zamani, isemayo kwamba Baniani ni mbaya lakini kiatu chake ni dawa, inampima kwa bidhaa yake na kumhukumu kwa tabia, wala haiulizi anaabudu nini. Katika magharibi mwa Uganda mahusiano hayo ya kaunta yalikatizwa ghafla. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na biashara ya miji ilikua pamoja nayo. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ikatangaza kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90. Wapo waliorejea baada ya miaka mingi, lakini mwanafunzi wa Kinyamaseke wa leo, akimjua Mhindu, kwa kawaida humjua kama mwenye kiwanda au duka la mjini. Ni nadra amjue kama mja anayeomba.

Kwa hiyo mwanafunzi huyo hutegemea maneno peke yake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha inayopewa wajibu wa kitaifa haina budi kuweza kueleza imani ya jirani kwa usahihi, hata kama jirani huyo ni mchache wa idadi. Hilo ndilo swali la makala haya: je, Kiswahili kinaweza kueleza kile ambacho Mhindu mwenyewe husema juu ya jitihada yake na msaada wa Mungu wake?

2.0 Dai linalohakikiwa

Maelezo yanayorudiwarudiwa katika masomo ya dini linganishi huenda hivi: Mkristo huokolewa kwa neema, Mwislamu hutegemea rehema ya Mungu pamoja na utii, na Mhindu hujikomboa kwa matendo yake. Ushahidi unaotolewa ni dhana ya karma, kwamba kila tendo huzaa tunda lake na hakuna awezaye kulikwepa. Kutokana na hapo huhitimishwa kwamba mja wa Kihindu ni kama mkulima asiye na mvua: huvuna alichochimba kwa jembe lake na si zaidi.

Dai hili hupata makazi rahisi katika mazingira yetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda kwa jina la Balokole, uliwafundisha watu wengi kutenganisha wokovu wa neema na dini ya desturi. Aliyelelewa katika mafundisho hayo akisikia habari za mifungo, usafi wa chakula na sala za alfajiri za Wahindu, huziweka mara moja upande wa desturi. Hakosei anapoona juhudi. Hukosea anapodhani kwamba juhudi hiyo ni bei.

Dai lenyewe lilikwisha kutiliwa shaka zamani. Mwaka 1930 mwanatheolojia wa Kijerumani Rudolf Otto alichapisha kitabu kizima juu ya dini ya neema ya India na Ukristo. Hakusema kwamba dini hizo mbili ni sawa. Alisema kwamba mtu hawezi kuzilinganisha kwa haki kama hajakubali kwanza kuwa India nayo ina mafundisho makubwa ya neema. Karibu karne moja baadaye, maelezo ya haraka bado yanaendelea kana kwamba jambo hilo halijasemwa.

Bhagavad Gita yenyewe haikubali mgawanyo huo. Sura zake za mwanzo zinamhimiza Arjuna atende wajibu wake bila kung'ang'ania matunda. Sura ya 9 inathamini zawadi ndogo kabisa ya mja ikiwa imetolewa kwa mapenzi. Sura ya 18, baada ya mafundisho yote ya wajibu, inamwita mja ajitupe kwa Mungu peke yake na kuahidi ukombozi. Msomaji anayesoma sura za mwanzo tu atakutana na juhudi, naye anayesoma mwisho tu atakutana na neema. Swali la wafasiri wa Kihindu kwa karne nyingi limekuwa namna ya kuzisoma sura hizo pamoja.

3.0 Mtoto wa nyani na mtoto wa paka

Mjadala uliopangwa vizuri zaidi juu ya swali hilo ulitokea miongoni mwa Wavaishnava wa kusini mwa India waliomfuata Ramanuja, mwalimu wa karne ya 11 na 12. Katika karne ya 13 na 14 walimu wawili, Vedanta Desika na Pillai Lokacharya, walieleza kujisalimisha kwa Mungu, yaani prapati, kwa namna zilizotofautiana. Baadaye tofauti hizo zikawa alama za madhehebu mawili: Vadakalai, watu wa kaskazini, na Tenkalai, watu wa kusini.

Tofauti yao hufupishwa kwa mifano miwili. Vadakalai husema mja ni kama mtoto wa nyani: mama ndiye anayekimbia na kuruka, lakini mtoto sharti ashike. Tenkalai husema mja ni kama mtoto wa paka: mama humwuma ngozi ya shingo na kumpeleka anakotaka, na mtoto hafanyi lolote. Msomaji wa Kasese ana nafasi ya pekee ya kuipima mifano hii, kwa kuwa nyani wa Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth huonekana kandokando ya barabara, na watoto wao wamening'inia matumboni mwa mama zao. Paka yuko katika kila ua.

Mifano ikitazamwa kwa makini, kila mmoja unalegeza ukali wa fundisho lake. Mtoto wa nyani hushika, lakini hakujifunza kushika. Alizaliwa na kiganja kinachokamata, na manyoya anayoyashika ni ya mama. Kwa hiyo hata juhudi yake ameipewa. Mtoto wa paka naye hafanyi kazi, lakini akibebwa hulegeza mwili wote, na akipapatika hubebeka kwa shida. Kulegea huko ni kukubali. Kwa maneno mengine, mfano wa juhudi umebeba neema ndani yake, na mfano wa neema haukuondoa kabisa itikio la mtoto.

Walimu wenyewe walilijua hilo. Upande wa Vadakalai hawakusema kwamba kujisalimisha kunainunua neema. Walikuita vyaja, yaani kijisababu, jambo dogo ambalo Mungu hulipokea ili huruma yake isionekane ya upendeleo. Upande wa Tenkalai walikataa hata jina hilo, wakihofia kwamba mja atakigeuza kijisababu kuwa haki ya kudai. Hofu yao ina uzito. Anayesema "nilijisalimisha, kwa hiyo nimeokolewa" amekwisha kuhesabu kujisalimisha kwake kama malipo. Hata hivyo hofu ya upande wa pili ina uzito vilevile: ikiwa mja hafanyi lolote, kwa nini huyu abebwe na yule aachwe? Mjadala haukuisha kwa kuwa kila upande unalinda jambo la kweli. Mmoja unalinda uhuru wa Mungu, mwingine unalinda haki yake.

4.0 Mikondo iliyofika Afrika Mashariki

Wahindu wengi waliokuja Uganda, Kenya na Tanganyika hawakutoka nchi ya Kitamil. Walitoka Gujarat, na walikuja na mikondo yao wenyewe ya bakti. Miwili inatosha kuonyesha kwamba swali la juhudi na neema halikubaki India.

Mkondo wa kwanza ni Pushtimarga, uliofuatwa na Walohana wengi. Mwasisi wake, Vallabha, aliishi kati ya 1479 na 1531. Neno pushti lina maana ya lishe, kunenepa, kustawi, na Vallabha alilitumia kwa maana ya neema: Mungu humlisha mja hadi akastawi. Neema hiyo haitokani na sifa za mja. Lakini tazama kinachofanyika katika nyumba ya mfuasi. Sanamu ya Krishna mtoto huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvikwa, hulishwa na kulazwa. Katika hekalu kuu la Nathdwara, Rajasthan, waumini hufunguliwa milango mara nane kwa siku kulingana na ratiba hiyo ya mtoto. Kazi ni nyingi mno. Wafuasi huiita seva, utumishi, na huitofautisha na ibada inayofanywa ili kupata kitu. Mama hamwogeshi mtoto wake ili mtoto amlipe.

Hapa ndipo dai linalohakikiwa linapoanguka. Mtazamaji wa nje anaona kazi inayoanza alfajiri na kuhitimisha kwamba watu hawa wanautafuta wokovu kwa jasho. Mfuasi mwenyewe anasema kazi hiyo ni tunda la kupendwa. Juhudi ipo, tena kubwa, lakini imekaa baada ya neema.

Mkondo wa pili ni wa Swaminarayan, aliyeishi kati ya 1781 na 1830, ambao una wafuasi wengi miongoni mwa Wapatel. Hapa nidhamu ina sauti kubwa zaidi. Shikshapatri, maandishi ya mwaka 1826 yenye beti 212, yanaweka masharti ya chakula, kinywaji, mali na mwenendo wa kila siku. Mja hutakiwa kuunganisha mambo manne: mwenendo mwema, ujuzi, kutojifunga na dunia, na bakti. Bado juhudi hizo hazisimami peke yake. Mja hutegemea msaada wa Mungu na wa mwalimu wa kiroho, na mafundisho husisitiza kwamba radhi ya Mungu ndiyo shabaha ya nidhamu yote. Mmoja wa walimu wa mkondo huu, Yogiji Maharaj, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1955, 1960 na 1970, na hekalu kubwa la jumuiya hiyo lilifunguliwa Nairobi mwaka 1999. Kwa hiyo mikondo hii miwili, mmoja ukianza na neema na mwingine ukisisitiza nidhamu, imeishi katika miji yetu bega kwa bega, huku Kiswahili kikiiita yote kwa jina moja: "dini ya Wahindi".

Jina hilo nalo linahitaji kusahihishwa. Mhindi ni mtu wa asili ya India, na miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki wamo Waislamu, Wakristo wa Goa na Wajaini. Mhindu ni mfuasi wa dini. Kitabu cha shule kinachochanganya maneno hayo kinamficha mja nyuma ya kabila lake.

5.0 Mizani ya istilahi

Sehemu hii inapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kutumika kwa dhana nne: kripa, vyaja, prapati na seva.

Kwa kripa, yaani neema au huruma ya Mungu, Kiswahili kina maneno kadhaa. Kudura haifai. Methali isemayo kwamba juhudi haiondoi kudura inaikabilisha juhudi na amri isiyopingika, ilhali kripa ni mapenzi yanayomwinamia mja. Fadhila ina tatizo jingine: katika matumizi ya kila siku fadhila hulipwa, na asiyeilipa hufananishwa na punda atoaye mateke. Rehema inafaa panapozungumzwa msamaha wa makosa. Neema ndilo neno pana zaidi, lakini si kwa sababu ya maana yake ya kanisani pekee. Katika Kiswahili cha kawaida mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno, na mvua ya neema ni mvua inayolisha. Maana hii ya ustawi na lishe ndiyo iliyo karibu na pushti ya Vallabha. Mfasiri wa Pushtimarga akitumia "neema" anapaswa kumkumbusha msomaji shamba kwanza, kisha mimbari.

Kwa vyaja, neno linalopendekezwa ni sababu, kwa maana ambayo Waswahili huitumia wanaposema kwamba dawa ni sababu tu na mponyaji ni Mungu. Mgonjwa hanywi dawa akidai kwamba ameinunua afya, wala haachi dawa kwa kuwa Mungu ndiye mponyaji. Kauli hiyo fupi inabeba msimamo wa Vadakalai bila kuhitaji maelezo ya kurasa nyingi. Mtunga istilahi akitafsiri vyaja kwa "kisingizio", kama kamusi zinavyoweza kumshawishi, atakuwa amemfanya mja aonekane mdanganyifu.

Kwa prapati, "kujisalimisha" linaeleweka, ingawa lina harufu ya vita na polisi. Kutawakali linafaa zaidi, kwa kuwa linaonyesha mtu aliyekabidhi jambo lake kwa anayemwamini. Aidha, mazoea ya kuweka jitihada na tawakali katika sentensi moja yanamwandaa msomaji kwa mjadala wenyewe.

Kwa seva, wengi hutumia "ibada". Neno hilo, kwa mzizi wake wa Kiarabu, limetokana na hali ya mtumwa mbele ya bwana wake, kwa hiyo lina utumishi ndani yake. Lakini Kiswahili cha leo kimelifunga kwenye sala na mikusanyiko. "Huduma" nalo limechukuliwa na ofisi na hospitali. Linalobaki ni utumishi, likifuatana na maelezo kwamba ni utumishi wa mapenzi, kama malezi ya mtoto.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba maneno kama neema, tawakali na sababu yamelelewa katika Uislamu na Ukristo, kwa hiyo yataufanya Uhindu ufanane na dini hizo. Wanaoshikilia hoja hii hupendekeza kuyachukua maneno ya Kisanskriti kama yalivyo. Makala haya yanakubali kwamba majina ya dhana, kama bakti na karma, yaazimwe. Lakini jina lililoazimwa bila maelezo ni kama sanduku lililofungwa. Mwanafunzi atalikariri kwa mtihani na kubaki na dhana zake za zamani. Maneno yetu ya dini yenyewe yalikuja na dau kutoka ng'ambo, yakakua kwa kutumiwa. Yanaweza kukua tena, mradi tofauti zielezwe waziwazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, lugha ya neema haimwachii mja mikononi mwa mtu anayedai kuwa mlango wa neema hiyo? Historia ya bakti haikwepi swali hili. Mwaka 1862 mahakama ya Bombay ilisikiliza kesi ya kashfa dhidi ya mwandishi Karsandas Mulji, aliyewashutumu baadhi ya viongozi wa Pushtimarga kwa kuitumia vibaya imani ya wafuasi wao. Kesi hiyo ilibaki katika kumbukumbu za Wagujarati kama onyo kwamba neema ikipitishwa katika mikono ya watu, mikono hiyo ichunguzwe.

Onyo hilo linatuhusu sote. Machi 2000 mamia ya watu waliangamia Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, katika kundi lililojitenga kwa jina la amri kumi. Mwaka 2023 na kuendelea, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, baada ya waumini kufundishwa kufunga hadi kufa. Makundi hayo hayakuwa ya Kihindu. Yanatajwa hapa kwa kuwa yanaonyesha kinachotokea mfungo, ambao ni juhudi, unapogeuzwa kuwa bei ya kumwona Mungu. Hakuna kikomo cha bei hiyo, na mwisho wake ni uhai. Fundisho la vyaja, likieleweka, linasema kinyume kabisa: tendo la mja ni dogo makusudi, kwa sababu si malipo. Mshauri wa sera anayetafuta lugha ya kuzungumza na waumini juu ya hatari hizo hatapata msaada katika kauli za kubeza dini. Atapata msaada zaidi katika tofauti hii kati ya bei na sababu, ambayo waumini wa dini zote za Kasese wanaielewa bila mkalimani.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuuita Uhindu dini ya matendo ni kusoma nusu ya mjadala. Wahindu wa kusini waligombana kwa karne nyingi juu ya kiasi ambacho mja anaweza kuchangia bila kuifuta neema, na mikondo ya Kigujarati ilileta mjadala huohuo hadi Kampala na Nairobi. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kina maneno ya kuueleza, yakichaguliwa kwa kusikiliza msemaji wa kawaida anavyoyatumia.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yaandae istilahi za dini linganishi ambamo wafuasi wa kila dini wanashirikishwa katika kuhakiki maneno yanayowahusu. Pili, vitabu vya shule vitofautishe Mhindi na Mhindu, na viache kuipanga dini ya Kihindu upande wa matendo na nyingine upande wa neema. Tatu, walimu wa mipakani, kama wa Kinyamaseke na Bwera, wapewe nafasi katika kazi hiyo, kwa kuwa Kiswahili chao hukutana kila siku na Lhukonzo na Kiswahili cha Kongo, na hujua upesi ni neno gani linaloeleweka sokoni na lipi linabaki kitabuni.

Mwaka 2017 Kenya iliwatambua Waasia wake kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Uganda bado inajadili nafasi ya Waasia katika orodha yake ya jamii. Orodha ya kisheria inaweza kumpa mtu haki ya kuishi mahali. Haiwezi kumweleza jirani yake kwa nini mtu huyo huamka alfajiri kuogesha sanamu ya mtoto. Kazi hiyo ni ya lugha, na Kiswahili kina uwezo wa kuifanya.